Beseni la Mama Tumsifu

Tusidanganyane, sabuni ya mche haina harufu nzuri. Wenzangu wa rika langu mnaijua, ile ya bluu ambayo mama alikuwa anaikata vipande kwa uzi, ikafua shuka, ikaosha vyombo, na jioni ikatuogesha sisi. Juzi nilikuwa nafua, binti yangu akaniletea kitabu chake kipya cha shule nimwandikie jina. Nikajifuta mikono kwenye kanga, nikakifungua. Harufu ya sabuni ikakutana na harufu ya karatasi mpya, na mimi nikajikuta nimekaa juu ya ndoo, siwezi kuandika hata herufi moja. Mtoto akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Nilikuwa na hasira tu, tena hasira ya zamani ambayo nilidhani imeshakufa, kumbe ilikuwa imelala.

Hasira yenyewe ni ya duka la vitabu. Nimekulia Nyangoto, kando ya mgodi wa dhahabu, na nikimwambia mtu natoka huko ananiuliza habari za dhahabu, za kesi za mashamba, za vijana wenye sululu. Hakuna anayeniuliza kama kulikuwa na vitabu. Basi vilikuwapo. Vilikuwa kwenye fremu ya mbele ya nyumba yetu, ukuta mmoja na chumba nilichokuwa nalala, na mwenye duka aliitwa Mama Tumsifu.

Alikuwa Mpare wa Same. Mumewe alikuwa mwalimu, serikali ilimleta kufundisha shule yetu. Alipofariki wakamsafirisha kwenda kumzika kwao, na sisi sote tukajua mjane naye ndiyo kaenda moja kwa moja. Wapi! Msiba ulipokwisha akarudi na makatoni, akamwomba baba ile fremu. Watu wakashangaa. Mahali ambapo kila mtu anafungua baa au duka la sululu na tochi, huyu anafungua duka la vitabu! Wakamtania kwa utani wanaotaniwa Wapare wote, kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku.

"Mama Tumsifu, huku umebaki kumtafutia nani kesi?"

"Nakutafutia wewe," anajibu. "Kaa tayari."

Mlangoni aliweka kigoda, na juu ya kigoda beseni la maji lenye maua mekundu, na kipande cha sabuni ya mche. Hakuna aliyegusa kitabu bila kunawa. Kijiji chetu kilikuwa na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye chumvi, na wachimbaji walikuwa wanatoka mashimoni na mikono ambayo hata mama zao wangewakatalia chakula. Wote walinawa. Mwenyekiti wa kitongoji alinawa. Baba yangu mwenyewe, mwenye nyumba, akiingia kuangalia gazeti alikuwa anasimamishwa mlangoni. "Mzee Marwa, mikono." Baba anacheka, anakunja shati, ananawa huku watu wanamtazama. Sijui kama chuki ilianzia hapo kwenye beseni. Mama alikuwa anasema ndiyo, ilianzia hapo.

Alikuwa na sheria nyingine, na hiyo ndiyo iliyonilea. Kusoma kwa kusimama ni bure, ukikaa umenunua. Kwa hiyo tulisimama. Tukitoka shule tunajipanga ukutani kama watu waliopewa adhabu, mguu mmoja juu ya mwingine, kila mtu na kitabu chake. Mimi nilikuwa na hadithi moja ya binti aliyetoka kwao kwa miguu kumtafuta kaka yake, na nilikuwa naisoma kidogo kidogo kwa sababu miguu ilikuwa inachoka kabla ya macho. Mama Tumsifu hakuiuza. Najua, kwa sababu nilimsikia akimwambia mteja, "Hicho kina mwenyewe."

Wakubwa nao walikuwa na shughuli zao pale. Wachimbaji walisoma magazeti ya juzi yaliyotoka Musoma, wakagombana juu ya mpira mpaka anawatoa nje. Wanawake waliotoka zahanati walimpa dawa zao awasomee zinanywewaje, mama yangu akiwemo, maana mama hakusoma. Mtu akisafiri anaacha ufunguo kwa Mama Tumsifu. Mtu akigombana na mumewe anakaa pale kwenye katoni mpaka moyo upoe, na hakuna anayemwuliza umekuja kununua nini. Hii habari ya kwamba watu wetu hawapendi vitabu mimi nikiisikia redioni natamani kupiga redio teke.

Sasa ikaja habari kwamba mgodi utapanuka kuja upande wetu. Nani aliileta? Habari ya namna hiyo haina mwenyewe. Kwetu habari hiyo ikifika watu wanategesha. Kutegesha ni hivi: unajenga haraka, unapanda haraka, mahali ambapo unadhani wathamini watapita, ili wakija kuhesabu mali yako ya kulipwa fidia waikute imejaa. Nyumba za tegesha hazina msingi, hazina sakafu, na madirisha yake ni alama tu. Hakuna aliyekusudia kulala ndani. Mashamba ya mihogo yakaota nyumba. Jirani yetu mmoja, kwa kuwa kaburi nalo linalipwa fidia, akamjengea mdogo wake kaburi zuri lenye msalaba, na mdogo wake yupo hai huko Sirari anabadilisha fedha. Krismasi alikuja, akaoneshwa mahali alipozikwa. Tulicheka wiki nzima, na yeye mwenyewe alicheka, ila hakurudi tena kula Krismasi pale.

Baba akatoa ng'ombe, akanunua matofali na mabati, akajenga nyuma ya nyumba yetu nyumba ndefu, chumba kimoja kirefu kisicho na ukuta wa kati. Mimi nilikuwa mtoto. Neno tegesha nilikuwa nalisikia likisemwa kwa majirani, sikudhani linaweza kutuhusu sisi. Nilichokiona ni chumba kirefu kimejengwa karibu na duka la vitabu, na nilikuwa nimemsikia Mama Tumsifu akisema mara nyingi kwamba angepata chumba kirefu angeweka mabenchi, watoto wasome wamekaa. Nikajumlisha. Nikamfuata baba akiwa juu ya ngazi.

"Tata," maana kwa Kikurya baba tunamwita hivyo, "hii ni maktaba ya Mama Tumsifu?"

Baba akashika paa asianguke kwa kicheko. "Ndiyo, Ghati. Ni maktaba. Kamwambie."

Watu husema, baba yangu hakuwa mtu mbaya. Mimi sisemi hivyo. Nasema alikuwa mchekeshaji, na mchekeshaji husamehewa mengi.

Nikakimbia dukani, hata kunawa sikunawa, nikamwambia. Mama Tumsifu alikuwa anafuta vumbi kwenye vitabu vya nyimbo. Akaacha kufuta.

"Baba yako kasema hivyo?"

"Kasema nikwambie."

"Aha." Akaangalia nje, kule nyundo zilikokuwa zinalia. Halafu akaniuliza, "Na wewe unaona shelfu za hadithi zikae upande gani?"

"Upande wa dirisha. Ili mtu aone."

"Hapana, jua litazichubua. Upande wa dirisha tuweke mabenchi. Hadithi zikae ukuta wa kwenu, kule kwenye kivuli." Akafikiri. "Na beseni?"

"Mlangoni!"

"Mlangoni," akakubali. "Basi nenda kanawe, umenishikia kitabu na mikono gani hiyo?"

Leo nikiwa mtu mzima ndiyo naelewa kwamba alijua. Kijiji kizima kilijua, yeye angekosaje kujua? Alijua chumba kile ni cha nini, na alijua kwamba wathamini wakija na mpangaji yumo kwenye fremu, baba hatataka awemo. Akakaa na mtoto akapanga naye shelfu. Jambo hilo ndilo linaloniuma kuliko yote yaliyofuata. Nilichukua mkaa jikoni, nikaingia kwenye ile nyumba, nikachora ukutani shelfu zote kama tulivyopatana, na juu ya kila shelfu nikaandika: HADITHI, NYIMBO, SHULE. Baba aliona, akawaita rafiki zake waje waone, wakacheka mpaka wakapeana mikono.

Baada ya hapo nilimsikia akiongea na mmoja wao uani, mchana kweupe, mimi nachambua mboga. "Wathamini wakimkuta mle wataandika jina lake. Nyumba nimejenga mimi, fidia nikagawane na Mpare?" Yule rafiki akasema, "Mtoe mapema, mura. Weka vitanda. Familia imeongezeka." Nikaendelea kuchambua mboga. Nilidhani wanazungumza habari ya kumhamisha kutoka fremu kumpeleka maktaba. Nikafurahi hata.

Siku yenyewe nilitoka shule nikakuta beseni limepinduliwa. Maji yalikuwa yamemwagika kwenye vumbi. Vijana wawili walikuwa wanatoa vitabu kwa kukumbatia, wanavimwaga barabarani juu ya magunia, na ndani nasikia mbao zinang'olewa. Mama Tumsifu alikuwa amesimama katikati ya vitabu vyake, amejifunga kanga kiunoni. Watu walishajaa. Nikaanza kubeba vitabu kuvipeleka nyuma, kwenye ile nyumba ndefu, mpaka kijana mmoja akaninyang'anya. "Wewe, unavipeleka wapi?"

"Maktaba," nikasema.

Watu wakacheka. Wote, hata waliokuwa wanasoma magazeti pale. Mama Tumsifu peke yake hakucheka.

"Mzee Marwa," akasema, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Nahitaji chumba tu. Familia imeongezeka."

"Imeongezeka lini? Asubuhi hii?"

Watu wakacheka tena, na safari hii walimcheka baba, na baba kuchekwa alikuwa hawezi. Akasema kwa sauti, "Nyumba ni yangu! Kama hutaki, nenda mahakamani. Si ndiyo kazi yenu?"

Watu walikuwa wanaisubiri kesi hiyo kwa hamu, nadhani hata baba alikuwa ameshajiandaa kwa maneno ya barazani. Mama Tumsifu akawaangalia mmoja mmoja, wachimbaji, wanawake wa zahanati, watoto wa kusimama ukutani. Akasema taratibu, "Kesi nitashinda. Lakini nikishinda nitabaki hapa namwuzia nani? Ninyi?"

Kila mtu alikuwa na nyumba yake ya tegesha nyumbani, na kila mtu alikuwa anataka wathamini waje wakute naye ana akili. Ningependa kuwaambia kwamba angalau mmoja alisema neno. Hakusema.

Halafu mvua ikaja. Kwetu ikitoka upande wa milima haibishi hodi. Baba akapiga kelele, "Turubai! Leteni turubai!" na wanaume wakaruka, na mimi moyo wangu ukatulia, nikajua wanakuja kufunika vitabu. Wakapita na lile turubai juu ya vichwa vyetu, wakaenda nalo nyuma, wakafunika mifuko ya saruji. Walilishika pembe nne wakasimama nalo huko mvua yote, wamelowa, wanalinda saruji ya nyumba ambayo hakuna atakayelala ndani yake. Barabarani vitabu vilikuwa vinanyeshewa. Kitabu kikilowa kinavimba, kurasa zinafunguka zenyewe, na rangi ya picha inatoka inachanganyika na udongo.

Mama yangu ndiye aliyetoka. Alitoka na shuka la kitandani, shuka la baba, akalitandaza juu ya vitabu alivyoviwahi, akaanza kuviingiza jikoni kwa mikono miwili. Mwanamke asiyejua kusoma hata jina lake. Baba akamwita kutoka kule kwenye turubai. Mama akajibu bila kugeuka, "Nimesikia," na akaendelea kubeba. Sikuwahi kumwona akimjibu baba hivyo, na sikumwona akirudia tena.

Mama Tumsifu alilala jikoni kwetu na vitabu vilivyobaki. Asubuhi akaviuza kwa wauza maandazi, maana vilivyolowa havina kazi nyingine. Ile hadithi yangu ilikuwa imeshikamana kurasa zote, haifunguki. Aliigeuza geuza mkononi.

"Ulifika wapi?"

"Amefika mto mkubwa. Hajavuka."

Nilitaka aniambie kilichofuata. Akainama akaokota beseni, akalisuuza, akanipa. "Kaa nalo hili. Usishike kitabu na mikono michafu, hata kama huna kitabu." Kisha akapanda gari la Tarime ili apate basi la kwao. Hatukumwona tena. Baadaye nilisikia aliaga dunia hukohuko Same, na habari ilinifikia kwa kuchelewa, mazishi yalishapita.

Wathamini walikuja kweli. Baba alivaa koti lake la harusi, akalivaa kila asubuhi, akakaa mlangoni mwa fremu iliyojaa vitanda vya watu wasiokuwepo. Wathamini wakapima ng'ambo ya kijito. Wakaandika namba kwa rangi nyekundu kwenye kuta za ng'ambo, wakafika kijitoni, wakakunja vifaa vyao, wakaingia kwenye gari. Upande wetu hawakuvuka. Baba alisema watarudi. Akakaa na koti. Msimu ukapita, na mwingine, akalivua.

Fremu akaja kuipangisha kwa mtu wa mashine za kamari, na mpaka leo zimo, zinapiga muziki, watoto wakitoka shule wanasimama ukutani palepale tulipokuwa tunasimama sisi. Kusimama na kutazama ni bure. Daftari tulianza kufuata Tarime mjini. Mama aliendelea kuomba watu wamsomee dawa njiani, na wakati mwingine hakumpata mtu, akakisia.

Baada ya siku ile ya kufua nilimchukua binti yangu tukaenda Nyangoto. Sikwenda kutafuta ugomvi. Nilitaka tu kupaona. Baba sasa ni mzee, mama ameshatangulia, na macho ya baba yamefifia kiasi kwamba alitutambua kwa sauti.

"Shikamoo, babu," binti yangu akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Unasoma?"

"Nasoma."

"Vizuri sana. Kusoma ndiko kwetu. Hapa kwangu ndipo palipokuwa na duka la kwanza la vitabu huku kote. Niliwapa fremu yangu. Watu walikuwa wananawa mikono hapa kabla ya kuingia, uliza mtu yeyote." Akasimama kwa fimbo, akamshika mtoto mkono. "Njoo nikuoneshe. Tulikuwa tunajenga na maktaba."

Nilidhani ni utani wake. Nikamtazama usoni, nikitafuta kile kicheko cha juu ya ngazi. Hakikuwepo. Alikuwa anasema kwa moyo wake wote. Akatupeleka nyuma, kwenye nyumba ile ndefu, akasukuma mlango wa bati. Mbuzi walikuwa wamelala ndani, samadi imejaa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akapapasa ukuta kwa kiganja mpaka akafika mahali.

"Soma hapo," akamwambia. "Mimi sioni vizuri, lakini pameandikwa."

Mkaa ulikuwa umefifia, na chini mbuzi walikuwa wamejisugua wakafuta. Lakini juu yalibaki maandishi, hati yangu ya utotoni, imelala upande. Binti yangu akasoma kwa sauti, "HADITHI."

"Umeona?" Baba akanigeukia na macho yake yasiyoona. Alikuwa na furaha. "Mweleze, Ghati. Mweleze mwanao hii nyumba ilikuwa ya nini."

Wote wawili wakanisubiri. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyabeba tangu nikiwa na umri wa yule mtoto. Mbuzi mmoja akakohoa.

"Ni banda la mbuzi, mwanangu," nikasema. "Twende ukanawe mikono."